Eti Naumwa Moyo

Shoga, uko hapo?

Unajua mwalimu wa jim alivyoninyima mashine ya kukimbilia tangu nianze? Kila siku vyuma tu, vyuma tu. Leo nikamwambia nataka na mbio, nichanganye kama wenzangu wanaoanza.

Akanitazama kwa huruma. "Dada, na huo moyo wako?"

Moyo gani?!

"Wifi yako alinieleza unaumwa moyo. Akaniomba nisikuulize, utaona aibu."

Wifi! Mke wa kaka yangu, niliyempeleka jim mimi mwenyewe!

Alikuwa palepale kwenye mashine, anakimbia. Nikamfuata. "Umesema naumwa moyo?"

Hata hakusimama. "Ungenipita, wifi. Nyumbani kwenu kila kitu wewe kwanza. Nilitaka hiki kimoja kiwe changu."

Ningemwachia, shoga. Angeniomba tu, ningemwachia!

Nikapanda mashine ya pembeni yake. Nimekimbia machozi yananitoka, pumzi sina, na sikushuka mpaka aliposhuka yeye. Ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Utamwambia kaka yako?"

Nikashuka, nikampita. Nimejifungia chooni nakuandikia, naye ananisubiri mlangoni. Tumekuja na gari moja.