Babu Anaenda Kazini

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo, ila goti langu siku hizi linaamka kabla yangu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatizana, na hili nataka nilimalize bila wewe kuguna.

Kaka yako mzima. Lile jina la Babu tulilompa kwa makunyanzi aliyozaliwa nayo sasa linamkaa kabisa, juzi nimemwona na mvi kwenye ndevu. Kinachonikera ni kile kituo chake. Yule mkuu wa zamani kastaafu, wameleta binti mmoja wa viatu vya raba, anacheka na kila mtu. Na kibao cha getini kabadilisha. Zamani kiliandikwa "Matunzo ya Mchana kwa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili". Eti neno "matunzo" hataki.

Sasa sikiliza. Unaikumbuka ile meza ya shanga, Babu na wenzake wanavyotunga kutwa nzima mpaka gari linawarudisha? Huyo binti alichelewa kuondoka jioni moja, akawakuta walezi wanakata nyuzi na kumwaga shanga zote kwenye ndoo. Kumbe ndivyo siku zote! Watu wetu wanatunga, wakiondoka zinafumuliwa, kesho waanze upya. Eti wasikae bure.

Nilichukia, nisikufiche. Nikamuuliza Babu, "Ulikuwa unajua?" Akasema, "Najua. Wanafumua." Kwa sauti ile ile anayoniambia nayo kwamba chumvi imeisha. Nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema hukuniuliza.

Mpaka hapo mimi na huyo mkuu tulikuwa pamoja. Halafu akatuita wazazi, akasema meza ya shanga anaifunga. Kila mtu ataulizwa anataka kufanya nini, aende akajaribu huko kwenye kazi za watu, na mtu wa kituo atakaa naye mpaka azoee. Babu alipoulizwa akajibu papo hapo: anataka kukunja mashuka hospitalini. Unajua kayaona wapi? Nilipolazwa! Na mimi nilidhani alikuwa anakuja kuniangalia mimi.

Nimekataa. Bila idhini yangu haendi popote. Najua utakalosema. Usiseme.

Mama yako

21 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na goti lako. Kifua kimepona, na wanafunzi wangu wamekosa sababu ya kupiga kelele.

Umeniambia nisiseme, nikajitahidi. Nimeshindwa.

Mama, kabati la nyumba hiyo limepangwa na nani? Wewe mwenyewe hujawahi kukunja shuka la lastiki likakubali, unalikunjakunja tu na kulisukumia nyuma ya mengine, halafu Babu analitoa, analikunja upya, pembe kwa pembe, huku amebana ulimi kwenye meno. Nani mwingine unamjua anayelipenda jambo hilo? Mtu kaulizwa mara ya kwanza katika maisha yake anataka nini, na jibu alikuwa nalo tayari.

Mwache ajaribu. Akichoka atarudi nyumbani. Si ndivyo ulivyoniambia mimi nilipoondoka?

Nisalimie Babu, mwambie nakumbuka anavyocheka.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, na la shuka la lastiki nimelisikia, asante kwa heshima.

Wewe uko mbali, kwa hiyo dunia unaiona nzuri. Umesahau siku ile dukani walivyompa Babu gunia abebe, wakamzungushazungusha nalo huku wanacheka, na yeye anacheka nao akidhani ni mchezo? Mimi ndiye niliyemchukua pale. Mimi ndiye niliyemfuta jasho. Na huko hospitalini kuna mapasi makubwa ya moto, kuna mvuke, kuna watu wasiomjua. Wewe, aliyekuambia uende alijua unaweza kujibu. Yeye akiumizwa atamwambia nani?

Nilijaribu kumweleza kwa upole. Nikamwambia, Babu wangu, mashuka ni yale yale ya shanga. Leo utayakunja, kesho yamechafuka, yanafuliwa, unayakunja tena. Akafikiri sana, unamjua anavyofikiri, mpaka chai ikapoa. Akaniambia, "Si sawa. Mtu amelalia."

Nikaanza kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Sasa ameninunia. Babu, kuninunia mimi! Gari la kituo likija hapandi. Anavaa, anafunga viatu, anakaa kitandani na mikono magotini mpaka mchana. Nikimwambia njoo ule, anakula, anashukuru, anarudi kukaa. Huyo mkuu wa viatu vya raba amekuja nyumbani, hakunibishia hata kidogo, alikaa naye tu pale kitandani. Ameniudhi zaidi kuliko angenibishia.

Niombee.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo mama,

Poleni sana.

Siku ya dukani sijaisahau. Lakini nataka kukuuliza jambo, na nakuuliza kwa mapenzi. Unamwogopea Babu, au unajiogopea wewe? Akitoka asubuhi na mambo yake kichwani, wewe utaamka kwa ajili ya nani? Na mama, nisamehe, siku ambayo hutakuwapo, nitamkuta wapi? Kitandani, amevaa viatu?

Nakupenda.

Mwanao

10 Juni

Shikamoo mama,

Hamjambo? Barua hujajibu. Nikipiga simu unasema "tuko wazima" na kukata, na Babu hunipi nimsikie. Jirani ananiambia mnatoka asubuhi nyote wawili na kwamba hujambo, basi. Kama niliyoandika yamekuumiza, nisamehe, nilikuwa na hofu na nikaiandika kwa ukali. Nikemee kwa barua, kwa simu, vyovyote utakavyo. Nimezoea kukemewa, nisichoweza ni huu ukimya.

Mwanao

3 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba kwa zote ulizotuma. Sijambo. Goti nalo halijambo, limepata kazi ya kutembea.

Nilikasirika, tena sana. Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya godoro nisiione, nikawa nailalia. Kisha nikasema, ngoja niende mwenyewe huko kwenye mashuka, nikaone ubaya wake, nikuandikie orodha. Nikaenda. Joto kweli lipo. Kelele zipo. Na kuna msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nikamweleza Babu alivyo, yote, nikimtisha makusudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lakini anakunja?" Nikasema anakunja. Akasema, "Basi namtaka, hawa wangu wanaviringisha."

Nikatoa idhini. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ikishindikana utanihurumia.

Siku ya kwanza nilimpelekea chakula kabla hata hajapata njaa. Nikachungulia mlangoni. Akaniona, akaja na aproni yake, akaniambia mbele ya watu wote, "Mama, nenda nyumbani. Niko kazini." Nililia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakaa kwenye kiti, sikujua mtu anafanya nini akiwa peke yake asubuhi.

Na walimcheka, kama nilivyosema. Jamaa mmoja wa kusukuma mikokoteni akawa anamwiga anavyoongea. Yule wa kituo anayekaa naye ndiye aliyeniambia. Asubuhi yake nikamkuta kitandani, viatu miguuni, mikono magotini. Mwanangu, moyo wangu uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: bakia na mama. Nikayameza. Yalikuwa makubwa kuliko mfupa wa samaki. Nikamuuliza, "Unataka nini, Babu?" Nikasubiri. Alifikiri mpaka nikadhani kasahau swali. Akasema, "Niende. Nitamwambia aache." Akaenda, nami nikabaki nimeshika mlango.

Alimwambia. Jamaa hakuacha siku hiyo, wala iliyofuata. Akamwambia tena, na yule wa kituo akiwa pembeni yake. Sasa ameacha, au amepunguza, sijui. Siambiwi yote, mimi asubuhi namsindikiza mpaka geti la hospitali tu, narudi.

Swali lako: yote mawili. Nilimwogopea, na nilijiogopea. Umeridhika?

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la leo jioni. Amerudi, amevua viatu, anakula, mara akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza unacheka nini? Akasema, "Mambo ya kazini." Nikacheka nami, nikamwambia nisimulie basi. "Mama, wewe huwajui." Nikamwambia nitawajua, nitajie tu. Akatikisa kichwa, akajaza mdomo wali, akacheka tena mpaka machozi. Mwanangu, nimemzunguka jikoni kama mbu. Nimembembeleza, nimejifanya nimekasirika, nimemwongezea nyama. Wapi! Miaka yote hii hakuwa na siku nisiyoijua, hata ndoto zake alikuwa ananisimulia. Sasa ameingia kulala na kicheko chake, na mimi nyumbani kwangu sijui kinachochekesha.

Mpigie Jumapili, hana zamu. Labda wewe atakuambia. Akikuambia, usiniambie.

Mama yenu