Mkono wa Baba Kwenye Udi

Goba, Jumapili

Dada Thuraya, shikamoo.

Mvua imeangusha ukuta wa jirani, ila sie tuko salama. Udi wa Baba nimeutia nyuzi mpya, na juzi nikaupiga kwenye harusi ya Khulud. Wazee wakaja kunitunza, wakisema nimerithi hata ule mtetemo wa mkono wake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiusifu, mpaka alipoanza kumwaga kahawa? Mie ni daktari, dada. Ule haukuwa ufundi, na huu wangu pia si ufundi. Hospitalini nimeacha kushona vidonda, nimesingizia macho.

Mama hapo kwako usimwambie. Akiuliza, mwambie udi wa mumewe bado unalia vilevile.

Mdogo wako,
Haroub