Mapendekezo Kumi na Saba ya Nairobi

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Daftari langu, niwie radhi. Tangu Pasaka sijaandika hata mstari mmoja. Sina udhuru ila uvivu, na ni uvivu huo niliowaadhibia wanafunzi miaka thelathini.

Asubuhi kituoni, kuuza majani ya chai. Kikapu kimoja cha Tabutany, mke wangu, kimerudishwa. Majani makubwa. Nimemwambia mara ngapi: majani mawili na chipukizi, basi.

Mchana, barua kutoka kwa Kipkoech, mwanangu, karani Nairobi. Amepata mchumba. Anaitwa Kerubo, ni muuguzi, ni Mkisii. Baba yake, Mzee Nyabuto, ni fundi wa cherehani na anaishi huko huko Nairobi, Makadara. Wanatungoja Jumamosi tarehe 14 twende kuposa.

Nimeisoma barua mara nne. Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi. Si kawaida yangu.

Alhamisi, 5 Agosti 1971

Msemaji wetu atakuwa Arap Bett, jirani na rika langu. Aliposikia kwamba msichana ni Mkisii, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, baba zetu Wakipsigis walikuwa wanaenda kwa hao watu usiku kuchukua ng'ombe. Sisi tunaenda mchana kuchukua msichana. Hiyo ni maendeleo!"

Hayo ni maendeleo, nikamsahihisha. Akasema hayo, hiyo, mradi tupewe.

Bett hajawahi kupita Nakuru. Tabutany hajawahi kupita mji wa Kericho. Mimi nilikaa Nairobi miaka miwili, mafunzoni, kabla ya Uhuru. Kwa hiyo mwongozo ni kazi yangu. Kipkoech naye ameandika mawaidha katika barua yake. Mengi ni mazuri, ila hayana mpangilio. Nitayapanga.

Jumapili, 8 Agosti 1971

Mapendekezo yamefika kumi na saba. Baada ya ibada niliwasomea wote wawili, wamesimama. La kwanza: kabla ya kuvuka barabara, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. La tatu: usimsalimu kila mtu, hutamaliza. La nne: anayekuita "mjomba" na hamjuani, shika mfuko wako. La sita: ukitaka kutazama ghorofa, simama kwanza kando ya njia. La tisa: nyama ya kuchoma iko Kariakor, na uulize bei kabla ya kuketi. La kumi na mbili: Embakasi, kutazama ndege zikiruka. Hilo ni la Kipkoech. Sikuliamini, lakini nililiacha.

Bett aliuliza kama kuna pendekezo la choo. Lipo. Ni la saba.

Tabutany aliuliza, tukifika kwa watu wenyewe tutafanya nini? Nikamwambia kuposa si mambo ya mji, hayo tunayajua. Tutafanya kama walivyofanya baba zetu.

Usingizi umepungua. Kama mtoto anayesubiri sikukuu. Ni aibu kwa mtu wa umri wangu.

Ijumaa, 13 Agosti 1971

Nairobi! Basi la alfajiri kutoka Litein, tukafika saa nane. Mji niliouacha haupo. Mahali pa duka nilikonunua kalamu yangu ya wino pamesimama hoteli ya mviringo, ndefu kama bomba la kiwanda. Niliitazama nikiwa katikati ya barabara. Gari likapiga honi. Bett akanivuta koti.

"Pendekezo la sita, Mwalimu."

Kipkoech alitupeleka Embakasi jioni. Watu wamejaa kwenye roshani, wamevaa nguo za Jumapili. Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikapaa. Nilishika kofia yangu. Tabutany alivua kitambaa chake akaipungia mpaka ikapotea mawinguni. Nilimuuliza anamuaga nani. Akasema, "Wote."

Miaka thelathini na minne ya ndoa, sijamwona akicheka vile.

Kesho ndiyo siku. Kipkoech hatakuja nasi, kama desturi inavyotaka. Atatuonyesha nyumba kwa mbali kisha arudi.

Jumamosi, 14 Agosti 1971

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Saa tatu kamili tulikuwa kwa Nyabuto. Nyumba ya mawe, ua wa michongoma, lango dogo la mbao. Mgeni wa posa kwetu habishi hodi. Huketi nje karibu na lango, akiwa na fimbo yake, kimya, mpaka wenyeji wamwone na kumuuliza shida yake. Kuita ni pupa. Kwa hiyo tuliketi kwenye nyasi, nje ya lango.

Pazia likasogea. Nikajua tumeonekana. Vizuri.

Saa nne. Hakuna mtu. Saa tano. Harufu ya kuku. Jirani alipita akatuuliza kama tunauza dawa. Saa sita pazia likasogea tena, kisha dirisha likafungwa kwa kishindo.

Bett akasema, "Wametukataa. Twende kabla hawajaita polisi." Nilikuwa na hasira na hofu. Nilimfikiria Kipkoech, amekaa chumbani kwake, anasubiri habari.

Saa saba kasoro Bett akasimama, akapangusa suruali. Nami nikasimama. Ndipo Tabutany, bila kuniomba ruhusa, akasukuma lango, akaenda mpaka mlangoni, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Hodi hapa!"

Niliona haya. Nilitaka kumrudisha.

Mlango ukafunguka papo hapo. Wenyeji walikuwa wamesimama nyuma ya mlango, wamevaa viatu tayari.

"Karibuni! Kumbe mna midomo?" alisema Nyabuto. Ni mtu mfupi, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni. "Tangu saa tatu tunangoja hodi! Nikaona fimbo mbili langoni, nikasema basi, Wakipsigis wamerudi, na mimi hapa Nairobi sina hata ndama."

Bett alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Kerubo hakucheka. Alisema alidhani tumedharau nyumba ya fundi, tunaikagua kwa nje tu. Kerubo alikuwa jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyabuto alisema waziwazi: kama tungeondoka, angelifunga jambo hili, wala asingelifungua tena.

Nilisimama nikaomba radhi. Nilisema kosa ni langu, si la wenzangu. Mapendekezo kumi na saba, na lililotakiwa sikuliandika. Tabutany alitazama kikombe chake.

Tulikula. Bett alisema maneno ya posa, na aliyasema vizuri. Jibu halijatolewa. Watakuja kwanza kwetu kuona boma, Jumamosi tarehe 28, walale usiku mmoja. Kisha wataamua.

Niliporudi nilimkuta Kipkoech amesimama barabarani. Nilimwambia angoje tarehe 28. Nilimshika mkono.

Alhamisi, 19 Agosti 1971

Ukungu mpaka saa nne. Tumechuma pamoja. Kikapu cha Tabutany kimepita, changu kimerudishwa. Hakunikumbusha majani mawili na chipukizi.

Naandika mapendekezo kwa ajili ya kina Nyabuto. Njooni na sweta. Mbwa hubweka tu. Weusi ulio ndani ya mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ni mkaa wa mti, si uchafu. Njia ya kushuka mtoni huteleza, Mama Kerubo ashike mkono wa mtu.

Pale pa kuandika wafanye nini langoni, kalamu ilisimama. Nikiandika "bisheni hodi", nawaondolea heshima ya kwetu. Nikiandika "ketini", watadhani nalipiza. Nilimuuliza Tabutany. Ni mara ya kwanza kumuuliza neno la kuandika.

Akasema, "Usiandike kitu. Kaa wewe langoni."

Basi nimetoa benchi nje. Nimefagia. Tarehe 28 nitaketi hapo tangu asubuhi, wanione mimi kwanza. Uamuzi wao nitauandika humu siku utakaponifikia, uwe mtamu au uwe mchungu.