Arobaini Kasoro Mmoja

Bwaise, Kampala
6 Aprili 2014

Mama mpendwa,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni sikio lako. Dada Nabilah ameniambia simu huisikii tena vizuri, basi nimerudi kwenye kalamu. Yeye na wanawe hawajambo hapo kwake?

Nimepata kazi ya rangi, lakini usidhani ni kuta. Ni duka la Mzee Tarcisio, Ntinda, linalouza michezo ya mezani. Watu wazima na ndevu zao wanapigana vita juu ya meza kwa kete na askari wa plastiki wasiozidi kidole gumba. Askari huja vipande vipande, mikono huku, vichwa kule. Unakata, unasugua, unaunga kwa gundi, kisha unapaka kwa kibrashi chenye nywele tano. Usicheke.

Tatizo ni shemeji yake Tarcisio. Anataka waagize wale waliokwisha kupakwa rangi kiwandani, unafungua boksi unacheza. Basi tarehe 3 Mei jeshi langu na la kiwandani yatawekwa mezani, wateja wachague. Askari arobaini. Wakichagua la kiwandani, sina kazi. Nimemaliza kumi na mmoja tu na mvua haikatiki. Niombee.

Mwanao,
Akram

Kibra, Nairobi
12 Aprili 2014

Mwanangu Akram,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, sikio ni lile lile. Maji hayajaingia ndani? Kitanda umekipandisha juu ya matofali? Unakula?

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitumaini sikuielewa. Askari? Baba yako alitoka mlangoni na sare yake, kule Kampala, Januari ya themanini na sita, wewe una miaka miwili, na mpaka leo sijaoneshwa hata kaburi. Kwangu hakuna mtoto aliyechezea hata bunduki ya kijiti. Leo unaunga askari arobaini na unataka nikuombee uwamalize? Kama ni lazima wawepo, wawe hao wa kiwandani, watengenezwe na watu nisiowajua. Wewe tafuta kuta upake. Nimekasirika, na nimekasirika kwa sababu naogopa.

Mama yako

Bwaise
17 Aprili 2014

Mama,

Assalaam alaikum. Kitanda kiko juu ya matofali, na ninakula. Hasira zako nimezipokea.

Lakini hao wa kiwandani nimewaona. Wote wana uso mmoja, macho nukta mbili. Akipotea mmoja, hakuna anayekosekana. Wangu nimempa kila mmoja mtu wake: yupo Onen, jirani yangu fundi baiskeli, yupo muuza chapati wa hapa njiani. Wenyewe hawajui.

Na yupo mmoja, Mama, naomba usiichane barua. Nimemtengeneza Baba. Nimetumia ile picha ya pasipoti, mpaka kovu la kwenye nyusi. Nimekwama kwenye rangi, maana picha ni nyeusi na nyeupe. Nina vichupa sita vya hudhurungi mezani na sijui chake ni kipi. Baba alikuwa wa rangi gani? Miaka yote hii sijawahi kukuuliza.

Mwanao,
Akram

Bwaise
26 Aprili 2014

Mama,

Salaam, natumaini mu wazima. Siku tisa sijapata neno lako. Kama nilivuka mpaka, nisamehe.

Nimeharibu kila kitu. Rangi ikikauka unapuliza vanishi ya mkebe ili isibanduke ikishikwashikwa. Maandishi ya mkebe yanakataza kupuliza siku yenye unyevu. Bwaise, mwezi wa nne, siku isiyo na unyevu ni ipi? Nikapuliza. Thelathini na tisa wamekuwa weupe, kama waliogaragara kwenye majivu. Sura zote zimepotea. Aliyepona ni Baba tu, kwa sababu bado alikuwa anasubiri rangi yake.

Onen ananishauri ninunue boksi la kiwandani, niwachafue kidogo kwa tope, niseme ni wangu. Nimeanza kumsikiliza, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mwanao,
Akram

Kibra
28 Aprili 2014

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Sikunyamaza kwa hasira. Kila nikishika kalamu nilikuwa naogopa kwamba nimesahau.

Kondakta wa basi atakupa kichupa cha mafuta ya zeituni. Ulizaliwa na ngozi kavu, nyeupe, bibi yako akadhani umemwagiwa unga. Tulikufuta kwa mafuta hayo siku saba. Wafute nao, kidogo kidogo, jaribu mmoja kwanza. Plastiki siijui, ukavu naujua. Na usinunue wa watu ukasema ni wako.

Baba yako: kaanga buni, zikianza kunukia na bado hazijatoa mafuta, ondoa motoni. Huyo ndiye. Chini ya macho ongeza weusi kidogo, hakuwa mtu wa kulala. Bereti aliinamisha kulia.

Ila usimpeleke kwenye meza yao. Nimeshamwona akienda vitani mara moja, inatosha.

Mama yako

Bwaise
4 Mei 2014

Mama,

Assalaam alaikum. Mafuta yamefanya kazi. Siku mbili nzima nilifuta, sura zikarudi moja moja, na chumba kizima kikanukia mtoto mchanga. Nililia, nakwambia ukweli.

Nilibaki na thelathini na tisa. Nafasi ya arobaini niliweka mmoja wa kiwandani, nikidhani hakuna atakayemtambua. Mzee Tarcisio akavaa miwani, akamnyanyua huyo huyo.

“Hii moja si ya wewe,” akasema. “Ile ingine iko wapi?”

Nikamjibu, “Amekwenda nyumbani.”

Akamwondoa wa kiwandani mezani. Shemeji alilalamika kwamba jeshi halijatimia. Wateja waligawanyika, wengine hawana subira, wanataka wa boksi. Duka litauza wote. Nina kazi mpaka Desemba, baada ya hapo sijui.

Boksi hili lifungue taratibu, nimemzungushia Baba pamba. Niandikie mara tu likifika. Kondakta simwamini.

Mwanao,
Akram

Kibra
15 Mei 2014

Mwanangu Akram,

Waalaikum salaam. Usinilaumu kwa kuchelewa. Boksi nilikaa nalo magotini siku ya kwanza, na ya pili, sikuthubutu. Nabilah ndiye aliyekata kamba.

Rangi ni yenyewe. Bereti umeinamisha mno, hakuwa na maringo kiasi hicho, lakini nimekuachia. Nimemweka juu ya redio, ameelekea ndani, mlango uko mgongoni kwake.

Jirani kaja kuuliza nalia nini. Nimemwambia mume wangu amefika.

Mama yako