Uvungu wa Shibiri Moja na Nusu

Mwanaidi, shoga yangu,

Nakusalimu huko uliko, na nakuomba usicheke. Nimenunua masanduku manane ya plastiki, nikayakokota ndani ya basi kutoka sokoni Woolwich mpaka nyumbani, watu wananitazama kama nahama, na hata moja halikuingia mvunguni. Hata moja! Najua unacheka. Haya, cheka basi.

Aliyenitia kiherehere ni Saumu. Viza ya mwanangu imetoka, Mwanaidi. Anafika leo mchana, kuja kusomea uuguzi, na atalala kwenye kitanda chako. Nakuandikia asubuhi hii kabla sijaenda kumpokea, kwa sababu wiki hii yametokea mambo na sina mwingine wa kumwambia. Wapangaji wa vyumba vingine ni watu wema, ila wao hawakukijua chumba chetu kilivyokuwa.

Unakumbuka kilivyokuwa? Nguo kwenye mifuko ya dukani, sufuria chini ya kiti, na mimi naruka vitu kama mbuzi mpaka nifike kitandani. Ukaletwa wewe tupange pamoja, kimwanamke kifupi chenye mdomo mrefu. Wengine wote wakiingia walitazama chini wasije wakajikwaa. Wewe ulitazama juu. "Ukuta wote huu umekaa bure!" ulisema, hata salamu hujamaliza.

Wiki ile ile ukaomba kreti tupu kwa yule mama wa Kikongo anayeuza ndizi sokoni, ukazisugua kwa maji ya moto, ukazifunga moja juu ya nyingine kwa kamba, tukapata rafu. Mwenye nyumba hataki misumari, ukaleta ndoano za kubandika nyuma ya mlango, mikoba na miavuli ikapanda juu. Viatu ukavishonea mifuko kwa kanga kuukuu, ukavitundika. Mchele na maharage kwenye makopo ya aiskrimu. Mablanketi ukayatia kwenye mifuko ile inayonyonywa hewa mpaka yakawa bapa kama chapati. Na jinsi ulivyonifokea nilipoisukuma kreti mpaka ukutani! "Acha vidole viwili, Rukia, kuta za huku zinatoka jasho, nguo zitaota ukungu." Mpaka leo naacha vidole viwili.

Ila kuna kitu kimoja tulichokipanga ambacho sijawahi kumwambia mtu. Ile sebule.

Saumu nilimwacha Tanga kwa mama yangu akiwa na miaka kumi. Nilipofika huku ughaibuni nikamwambia nina nyumba. Sijui kwa nini nilisema vile. Nilitaka asihuzunike, nadhani, au nilitaka nisihuzunike mimi. Neno likishatoka halirudi, ikabidi nyumba ionekane. Wewe ndiye uliyenipambia kona ya dirishani: kiti kimoja, pazia la kanga, ua la plastiki juu ya kreti iliyofunikwa kitambaa cheupe. Kila nikimpigia kwa video nakaa pale pale, simu naielekeza pale pale, na wewe umejibanza kitandani umekunja miguu isionekane. "Sebule yako nzuri, Mama," mtoto ananiambia. Nami nasema alhamdulillahi, bila haya.

Simu ikikatika nilikuwa nakuona unavyonitazama. Siku moja tu ulisema, "Rukia, njia ya mwongo fupi." Hukurudia tena, na miguu uliendelea kuikunja.

Ulipofariki niliomba shifti za ziada, nikakilipia chumba kizima nisiletewe mtu. Baada ya matanga kaka yako akanipigia, akasema nguo zako nizigawe, iwe sadaka yako. Nikamjibu inshallah. Miezi kumi, Mwanaidi, sijagawa hata mtandio. Kila nikilivuta lile begi lako kutoka mvunguni nikalifungua, inanipiga harufu ya udi na yale mafuta yako ya kuchulia mgongo. Nalifunga, nalirudisha.

Sasa mtoto anakuja na nafasi hakuna. Mtu mwenye akili zake angegawa nguo. Mimi nikaenda kununua masanduku! Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia, "Toa kwanza, ndipo upange." Sikutaka kutoa. Nikasema nguo za Mwanaidi nitazipanga vizuri chini, za Saumu zikae juu, na hakuna atakayeumia. Nikakumbuka maneno yako ya kila siku: uvungu wetu ni shibiri moja na nusu. Dukani nikapima sanduku kwa mkono wangu. Shibiri moja, na nusu yake. Barabara kabisa! Nikachukua manane.

Nimepiga magoti, nasukuma, sanduku linagonga chuma cha kitanda. Nageuza, nasukuma tena. Linagonga. Ndipo nikautazama mkono wangu. Mikono yangu mimi unaijua, ya kubebea ndoo mbili mbili. Wewe mikono yako ya mtoto wa chekechea, glavu za kazini zilikuwa zinakuvuka. Shibiri yako, mwenzangu! Uvungu uliupima wewe, sanduku nimepima mimi. Miaka yote hiyo tumeishi kwa vipimo vya mkono wako, na haikunipitikia kwamba siku moja mkono huo hautakuwepo.

Nikabaki pale sakafuni nikacheka peke yangu. Halafu nikalia. Nililia mpaka jirani akagonga kuuliza kama nataka chai. Siku ya mazishi sikulia hivyo, nilikuwa na watu wa kuwapokea na kuwalisha.

Nilipomaliza kulia nilikuwa bado nimepiga magoti pale chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimeshainama, basi nikalivuta begi lako nikalifungua, na safari hii sikulifunga. Gauni la kijani nimempa yule mama wa ndizi. Anasema atalivaa kanisani Jumapili, na najua ungefurahi, hata kama ungemtania kwanza. Makoti na mabuibui nimeyapeleka msikitini. Zile doti mbili mpya za kanga nimempelekea kaka yako, zitafika na mtu anayesafiri mwezi ujao. Mtandio wako wa kahawia nimebaki nao. Usinigombeze, kaka yako nimemwomba, amekubali.

Masanduku sikuyarudisha. Nimeyalaza ubavu, midomo inatazama nje, nikayapanga manne juu ya manne kando ya mlango, nikayafunga kwa kamba kama ulivyozifunga zile kreti. Limekuwa kabati, shoga, na zuri kweli kweli! Manne ya chini ni yangu. Manne ya juu ni ya Saumu, matupu.

Lakini nilipoyaona yale manne matupu, nikaanza kuwaza. Mtoto ana miaka kumi na tisa. Jumamosi, yaani leo, atafungua mlango akitafuta nyumba aliyoahidiwa. Ataona vitanda viwili na masanduku. Ataniona mimi mwongo, na kwa miaka tisa sikumpa kitu kingine cha kunijua zaidi ya ile kona. Niliogopa, Mwanaidi. Niliogopa kwamba nimempata mwanangu kwa viza na kumpoteza kwa sebule.

Juzi Alhamisi nikampigia. Sikukaa kwenye kile kiti. Nilisimama katikati ya chumba, nikaigeuza simu, nikamwonyesha pole pole: kiti, pazia, kitanda changu, kitanda chako, sinki, mlango. Haikuchukua muda, unajua mwenyewe. Nikamwambia ndiyo nyumba yote hii, mwanangu, nisamehe.

Akaisogeza simu karibu na uso.

Kisha akasema, "Mama, mimi najua."

Mtume! Ati wewe ulimpigia. Miaka miwili iliyopita, mimi niko kazini, ukamzungushia chumba kizima mpaka ndani ya makopo ya mchele. Ukamwambia, "Mama yako anaona haya, usimwonyeshe kama unajua. Siku ukija, njoo na begi moja tu." Na mtoto akanyamaza, miaka miwili yote! Ananisifia sebule. Ananiuliza ua nimelimwagilia, na anajua ni la plastiki!

Kwanza nilikasirika. Wallahi nilikasirika, nikazunguka chumba nakutukana kwa sauti, wewe mwanamke, wewe msiri, nikasema subiri nikutie mkononi. Halafu nikakumbuka sina wa kumtia mkononi, nikakaa kitandani kwako.

Nikahesabu zile siku. Idi mbili. Siku aliyopata matokeo yake ya mtihani. Siku niliyokuwa na homa, akakaa kwenye simu ananisomea dua mpaka nikalala. Zote hizo alikuwa anajua. Mtoto wangu amenipenda huku anajua, na mimi nimeishi naogopa asije akajua. Ulinipa kitu hicho ukaondoka bila kuniambia.

Basi nakuaga, mwenzangu. Ijumaa ijayo nitamleta makaburini, akusomee Fatiha kwa mdomo wake. Na ninakuahidi, humu ndani sitamwonyesha kona tena. Nikichoka ataniona nimechoka, nikilia ataniona nalia. Akiniuliza jambo nitamjibu lilivyo. Nikianza kupamba maneno, nitakukumbuka umekunja miguu kitandani kwa ajili yangu, nami nitanyamaza nianze upya.

Mungu akupanulie kaburi lako, Mwanaidi, kama ulivyotupanulia chumba.

Ngoja niende, mwanetu asije akatoka uwanja wa ndege asinione.

Rukia wako