Muulize Rika Lake

Mjukuu wangu Muthoni,

Huku Othaya tuko salama, ng'ombe amezaa na mama yako amepona mguu. Unauliza kama ni vibaya kumkasirikia karani mzee aliyeongezewa miaka ya kazi kwa kudai hajazeeka, na nafasi yake ndiyo uliahidiwa. Kasirika!

Baba yako akiwa kijana aliahidiwa kazi ya mizani kwenye kiwanda cha kahawa, mzee Gathogo akistaafu. Gathogo akaapa ofisini ati yeye bado mdogo, hajafika miaka ya kustaafu, wakaamini. Mwezi huohuo tukachinja mbuzi, naye akaketi na rika lake, wale waliotahiriwa pamoja, akidai nyama ya wazee. Nikaita kutoka upande wa wanawake, "Mpeni ya vijana! Si amekuwa mdogo?" Wenzake wakacheka mpaka wakakohoa.

"Wewe mama, hayo ni mambo ya ofisi," akanguruma.

"Na mtoto wangu atakula ofisi gani?"

Mizani Gathogo hakuiachilia. Baba yako akaenda Mwea kupanda mpunga, ndiyo sababu ulimwona Krismasi tu.

Msalimie huyo karani vizuri, halafu usimuulize miaka. Muulize rika. Hapo hakuna mwanamume wetu anayedanganya, maana mwaka wa kutahiriwa wenzake wote wanaujua.

Nyanya yako, mwenye jina lako