Neno Nililokuambia Siku Boila Ilipomwaga Maji

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikajikuta nasubiri uitikie. Leo ni siku ya thelathini na nane tangu ututoke, na masikio yangu bado hayajakubali.

Hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia bila kumfikiria Mwalimu Saidi. Zote zilizotangulia alikusomea yeye, hapo barazani kwako Maneromango, majirani wamekaa wanasikiliza na wengine wanauliza, "Eh, rudia hapo, mwalimu." Kwa hiyo nilikuwa naandika yanayofaa kusikika: sijambo, kazi inaendelea, huku mvua imenyesha, nisalimie wote. Ya moyoni sikuwahi kuyatia. Sasa hakuna wa kukusomea, nami sina tena pa kujificha.

Nataka kusema nawe habari ya boila.

Najua ungecheka. Ungesema, "Zuhura, mtu amekufa wewe unamletea habari za boila?" Lakini ndiyo iliyotutenganisha, mama. Hapana, si yenyewe. Ni neno langu. Boila naisingizia tu.

Unakumbuka ulipokuja kwangu Kibaha, miguu imekuvimba mpaka ndara haziingii. Nikakuonyesha lile pipa jeupe ukutani bafuni, nikakuambia nyumba za serikali zina maji ya moto ya umeme, bonyeza tu swichi nyekundu halafu ngoja. Ukakataa kuigusa kwa mkono. Kila jioni ulikuwa unakwenda jikoni kuchukua mwiko mkavu, unasoma Bismillah, unaibonyeza swichi kwa mpini wa mwiko, halafu unatoka bafuni mbio na ile miguu yako mibovu. Siku ya kwanza ulipooga ulikaa humo mpaka nikaingiwa na hofu, nikabisha hodi. Ukaniambia kwa ndani, "Niache, leo mimi bibi harusi." Ukatoka umejifunga kanga, uso unang'aa, ukaniuliza mbona sikukuambia mapema kwamba duniani kuna raha kama hii.

Mimi boila ile nilikuwa siiwashi. Natoka alfajiri kuwahi kazini, najimwagia maji baridi nakwenda zangu. Ndiyo maana sikujua kwamba ikipata moto hudondosha maji. Uliliona wewe. Chini yake kuna kibomba kidogo kinachoelekea sakafuni, na kila ulipowasha kilianza kudondosha, to, to, to. Ukaweka sufuria. Asubuhi unayabeba yale maji unakwenda kuyamwagia matembele uliyoyapanda nyuma ya jiko, unaniambia hata kuvuja kwa mjini kuna faida.

Nilipaswa kucheka nawe. Badala yake niliona aibu. Wenzangu wa ofisini walikuwa wakija kunitembelea wanakuta sufuria katikati ya bafu, nami nilijiona sijatoka kijijini. Basi Jumapili moja ulipokwenda kwa jirani, nilichonga kijiti, nikakizungushia mpira wa tairi la baiskeli, nikakigongea ndani ya kile kibomba mpaka kikakaza. Maji yakakoma. Sikukuambia. Uliporudi ulikitazama kibomba kutoka mbali, ukaniita kwa furaha: "Zuhura! Imepona yenyewe!" Nami nikasema, "Ee, mama, imepona."

Siku nne tu.

Ile siku yenyewe nilitoka kazini nikasimama foleni ya sabuni tangu saa nane, na nilipofika dirishani wakasema imekwisha. Nyumbani nilikuwa nimeacha mafaili ya ofisi chini ya kitanda, taarifa niliyotakiwa kumaliza kuipiga chapa kabla ya asubuhi. Nafungua mlango, maji yananilaki. Chumba kizima. Mafaili yamelowa, wino umetapakaa. Na wewe umepiga magoti bafuni, unakausha sakafu kwa kanga yako mwenyewe, unaikamulia kwenye ndoo, unarudia, na juu yako kiungio cha bomba kimefyatuka maji yanakumwagikia mgongoni. Hukujua kwamba nje kuna koki kubwa ya kufungia. Sikuwa nimekuonyesha. Jirani aliniambia baadaye kwamba siku hiyo uliiwasha boila mapema, na ulikuwa hapo chini tangu adhuhuri.

Nikasema, "Mama, kila unachokigusa wewe kinaharibika."

Nimeliandika. Lilikuwa halijawahi kutoka mkononi mwangu.

Hukunijibu kwa hasira. Laiti ungenijibu. Ulisema, "Nimesikia, mwanangu," ukaendelea kukamua kanga. Siku ya pili yake ukaniaga, ukasema mihogo imebaki bila mtu na nguruwe pori wataimaliza. Nilijua si mihogo. Nilikusindikiza mpaka barabarani, nikakubebea kikapu, nikakupandisha basi la Dar, na muda wote huo nilikuwa na neno mdomoni nikalimeza. Nilisema mwenyewe moyoni kwamba nitaandika.

Nikaandika, mama. Mara mbili. Ya kwanza ilianza, "Mama, nisamehe kwa nililokuambia." Halafu nikamwona Mwalimu Saidi amevaa miwani yake, anaisoma kwa sauti yake ya darasani, na Bi Tatu na majirani wenzake wote wanageuka kukutazama. Kisha wanauliza: alikuambia nini? Nikaichana. Ya pili nayo nikaichana. Ya tatu ndiyo niliyoituma, na humo sikutia msamaha, nilitia salamu na habari. Nikaandika, "Boila bado haijatengenezwa, vipuri hakuna."

Kwa nini niliandika hivyo? Mpaka leo sijui. Ilikuwa habari tu, ya kujaza ukurasa. Lakini wewe ulisomewa, na majibu yako Mwalimu Saidi akayaandika kwa mwandiko wake mzuri: mama yako anasema umsamehe kwa ile boila yako aliyoiharibu, na kwamba miguu haijambo. Nikayasoma nikiwa ofisini, nikaenda kulia chooni, nikajiambia mwisho wa mwezi nikipata ruhusa nitakwenda mwenyewe, nikuambie ana kwa ana, tuko wawili tu shambani.

Mwisho wa mwezi dereva wa lori la mkaa kutoka Maneromango alikuja kusimama mlangoni kwangu na kofia mkononi. Hakusema maneno mengi. Nilikwenda Dar, nikapata gari la Kisarawe, na kutoka Kisarawe lori letu lilikwama kwenye tope, nikavua viatu nikatembea. Nilifika walishakuzika tangu jana yake. Nilikuta udongo mwekundu umelowa mvua, na watu wanaoniambia, pole Zuhura, usingeweza kuwahi. Ningeweza, mama. Nilikuwa na miezi mitano ya kuwahi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu.

Wiki iliyopita jina langu lilifikiwa katika orodha ya matengenezo, akaja fundi bomba, Fundi Mrisho, mtu mzima, mpole. Akapanda juu ya stuli, akaichungulia boila, akashusha mkono chini kwenye kibomba. Akachukua koleo, akavuta. Kijiti kikatoka na mpira wake. Akaniuliza nani aliyeziba hapa. Akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi: maji yakichemka hutanuka, na kibomba hiki kimewekwa ili yale yanayozidi yapate pa kutokea. Kudondosha si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa. Ukikiziba, maji yatajitafutia njia kwa nguvu. Akasema tushukuru kilifyatuka kiungio, maana pipa zima lingeweza kupasuka na mtu humo ndani.

Na mtu humo ndani. Ulikuwa ni wewe mama. Na mwiko wako.

Halafu akatabasamu, akasema labda ni bibi fulani mgeni kutoka shamba, hawa wazee wetu hawavijui vitu hivi.

Unasikia? Umekwisha kufa, na nikakuachia ubebe tena kosa langu. Nilisimama hapo mlangoni nikamwacha aamini hivyo, akakiweka kile kijiti dirishani, akafunga kiungio kipya, akaniaga. Maji ya moto sasa yapo. Boila inadondosha kama ulivyoikuta, to, to, to, na hakuna ubaya wowote. Mimi naoga ya baridi. Siwezi kuibonyeza ile swichi.

Tangu uondoke mambo ni haya haya. Sukari hakuna, sabuni ikija watu wanakanyagana. Matembele yako yametambaa mpaka kwa jirani, nimemwambia achume. Kile chumba ulicholala sijakifagia vizuri, naogopa kutoa harufu yako. Siku hizi nikikosewa na mtu ofisini nakawia kujibu, wenzangu wanadhani nimekuwa mtu wa dini sana. Siyo dini. Naogopa mdomo wangu.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo zito kuliko yote. Siku ile ya matanga, Bi Tatu alinivuta pembeni, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Wewe mtoto una radhi ya mama yako. Alitusimulia. Alikuharibia boila ya serikali, nyumba ikajaa maji, na hukumfokea hata neno moja. Ulimkumbatia ukamwambia, mama usijali. Ukamlilia asiondoke." Na wanawake wote waliokaa mkekani wakaitikia, ndiyo, alitusimulia, ndiyo. Mmoja akamwambia binti yake anitazame mimi, ajifunze kutunza mama.

Uliwaambia hivyo, mama. Miezi mitano, barazani, kila aliyekuuliza mbona umerudi mapema. Ulijua kwamba mimi ndiye nitakayekuja kukaa kwenye ule mkeka siku moja, ukanitandikia sehemu nzuri ya kukaa. Nami nilikaa. Nilikula wali wa matanga huku nikisifiwa.

Keshokutwa ni arobaini yako. Naondoka kesho na gari la kwanza. Watasoma hitima, watapika, na wanawake watakuwa mkekani kama siku ile, na Bi Tatu atanisogezea nafasi karibu yake. Nakuahidi jambo moja, na huu ndio mkono wangu. Kabla hawajapakua chakula nitasimama, na nitasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume. Nitasema mama yangu alikudanganyeni kwa ajili yangu. Nitasema kijiti nilikitia mimi. Na lile neno nitalisema lote, kama nilivyolisema, silipunguzi. Nikirudi Kibaha nitamtafuta Fundi Mrisho nimwambie bibi mgeni hakuziba kitu.

Wasiponisogezea tena nafasi, nitakaa chini kwenye udongo. Ni haki yangu.

Lala, mama. Miguu yako ipumzike. Mimi ndiye niliyekiharibu kila nilichokigusa, na wewe ulinifunika kwa kanga ile ile iliyolowa.

Mwanao,
Zuhura